Vitz ya 2008: inatetemeka, inagonga mbele, na sasa buti lina maji. Tatizo ni gari au ni Malindi?

#1 Mgeni_wa_Barani
Hamjambo wenyeji. Nina Vitz ya 2008, KSP90, ile ya silinda tatu. Niliinunua mkono wa pili Nairobi, nikahamishiwa Malindi kikazi, na sasa imeshakula miezi minane ya hewa ya bahari. Nairobi haikuwa na neno. Huku imeanza vituko.

Ikiwa imesimama, gia iko D, mguu uko kwenye breki na AC imewashwa, inatetemeka mpaka kwenye kioo cha kati sioni aliye nyuma yangu. Nikitia N inatulia. Mbele kushoto inagonga "ko ko" nikipita kwenye matuta, lakini kwenye lami tupu kimya. Juu ya tairi la nyuma kulia rangi imefura kama lengelenge la mtu aliyeungua, nikiligusa linabonyea. Na juma lililopita nilifungua buti nikakuta zulia limelowa chapachapa, na mvua haikunyesha.

Fundi wa kwanza kasema injini imekwisha, nitafute nyingine ya eksi-Japani. Wa pili kasema hapana, ni plagi. Wa tatu hakufungua hata boneti. "Hii ni Malindi, zoea." Sasa nauliza: hili ni gari bovu nililouziwa, au ni huu mji?

#2 Mjukuu_wa_Mambrui
Ni mwenye gari 😂 Karibu Malindi kaka.

#3 Fundi_Spana
Usinunue injini. Huyo fundi wa kwanza ana injini anataka kuiuza.

Jibu umeliandika mwenyewe. D inatetemeka, N inatulia: maunting'i, vile vishikizo vya mpira vinavyobeba injini. Ukiwa D gia boksi inaivuta injini upande mmoja, na mpira wa maunting'i ukiwa umepasuka injini inalalia chuma, basi mtikisiko wote unaingia kwa bodi. Fungua boneti, mtu akanyage breki sawasawa, atie D, atoe, atie R. Wewe simama ubavuni, usisimame mbele, mguu wa mtu huteleza. Ukiona injini inaruka kama mbuzi anayekata kamba, umepata. Kama maunting'i yenyewe ni ya ile aina yenye mafuta ndani, ikipasuka utaona doa jeusi limetiririka chini yake.

#4 Silinda_Tatu
Nina Passo ya injini hiyo hiyo, 1KR-FE, cc 996. Silinda tatu haziwi sawa na nne. Ni kama jiko la mafiga matatu, linakaa lakini ukiligusa linacheza. Ulaya waliitia kwenye Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107, na huko kote watu wanatikisika tu. Ongeza sauti ya redio, endelea na maisha.

#5 Dereva_Mstaafu
Namba 4, mtikisiko wa asili upo, lakini ni mdogo. Hauzuii kioo kuonyesha. Mwenye uzi amesema AC ikiwa imewashwa. AC ni mzigo, na kompyuta ya gari inapaswa kupandisha mzunguko wa injini kidogo kompresa, ile pampu ya AC, inaposhika. Isipopandisha, ndipo unapata hiyo ngoma. Atazame throto kwanza, ule mlango wa hewa wa injini. Ikijaa masizi hewa haipiti sawasawa. Isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, isikwanguliwe kwa bisibisi. Na kama betri itachomolewa, asishtuke gari likikaa vibaya kidogo baadaye, linajifunza upya.

Hili la mji na gari nitarudi kulisema.

#6 Mpiga_Honi
Badilisha taimini belti na mafuta ya stelingi, utaniambia.

#7 Fundi_Spana
#6 ndugu yangu, hiyo injini haina belti ya taimini, ina mnyororo. Na stelingi yake ni ya umeme, haina pampu ya mafuta wala mkebe wa mafuta. Utamtuma mwenzio dukani akanunue nini?

#8 Mpiga_Honi
Basi nimechanganya na Probox ya shemeji.

#9 Fundi_Spana
Hata hiyo ina mnyororo, kama ni ya 1NZ. Nyamaza tu 😂

#10 Bi_Hiliki
Naomba niseme la AC maana lilinila pesa. Mimi Vitz yangu nilitiwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara baridi juma mbili, halafu upepo wa jiko. Kila mara naambiwa "gesi imeisha mama". Mpaka kijana mmoja wa Majengo akaniuliza: mama, friji yako ya nyumbani unaitia gesi mara ngapi? Nikanyamaza. Gesi hailiwi kama petroli. Ikipungua kuna mahali inatoka.

Akanionyesha kondensa, ile wavu iliyo mbele ya rejeta. Mapezi yake ya aluminiamu yalikuwa yamegeuka unga mweupe, ukiyapitisha kidole yanamomonyoka kama kashata mbichi. Chumvi. Kondensa ikiziba mchanga na chumvi, kompresa inasukuma kwa shida, injini inalemewa, gari linatetemeka. Kwa hiyo kaka yangu wa Barani, kabla ya maunting'i piga tochi pale mbele, kisha washa AC uone feni inazunguka au imesinzia.

#11 Mgeni_wa_Barani
Ahsante dada. Feni inazunguka. Kondensa ina mchanga kweli, nimeumwagia maji ukatoka kama uji wa wimbi.

#12 Mjukuu_wa_Mambrui
Mchanga? Mtaani Barani mchanga wa kufika kwenye kondensa unatoka wapi? Kaka, ulishuka ufuoni?

#13 Kijana_Casuarina
Ni mafuta nyinyi. Petroli ya siku hizi imechanganywa na mafuta taa. Plagi zinakufa, gari linatetemeka. Tatizo la nchi nzima.

#14 Dereva_Mstaafu
Mafuta taa yalikuwa yakichanganywa zaidi na dizeli, maana hayo mawili yanakaribiana na zamani mafuta taa yalikuwa na bei ya chini. Ndiyo sababu mwaka 2018 mafuta taa yakawekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ili kuchanganya kusiwe na faida. Kwenye petroli ungeligundua upesi, injini ingekohoa njia nzima. Yeye anatetemeka akisimama tu.

Sasa la mji. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. La 2008, mwisho wake kuingia bandarini ni 2015. Tangu siku hiyo linakanyaga barabara zetu, na mwenye uzi analo kwa miezi minane. Kutu ya kufurisha rangi mpaka ibonyee haiumbiki kwa miezi minane, hata ulilaze gari jetini. Inaanza ndani, inakula kimya, rangi ndiyo ya mwisho kujua. Na kule Japani upande wa theluji, kama Hokkaido, barabarani humwagwa dawa ya kuyeyusha barafu, nayo ni chumvi. Lala chini, tazama ekseli ya nyuma na vyuma vya jirani yake. Vikiwa na kutu ya magamba mwili mzima, hiyo imekuja na meli.

#15 Kutu_Haina_Adabu
Mimi ni mtu wa bodi, kazi yangu ni kukata na kuchomea. Mzee wa #14 amesema kweli nusu. Nusu nyingine ni pati, ule udongo wa kujazia mabonyeo ya bodi.

Pale juu ya tairi la nyuma kuna bati mbili, ya nje na ya ndani, zimekutana ukingoni. Matope ya tairi yanapanda, yanakaa kati ya hizo bati, hayakauki. Kutu inaanzia hapo. Lakini lengelenge moja, upande mmoja tu, na linabonyea? Mimi huuliza: huo upande ulishagongwa? Maana aliyelinyosha alijaza pati, na pati ikipata ufa inavuta unyevu kama mkate kwenye chai. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini usikwaruze, ipitishe juu ya tairi la kulia, halafu la kushoto. Kushoto ikishika na kulia ikaanguka, umeuziwa gari la udongo.

Na usikubali mtu akupigie msasa juu akapuliza rangi. Itang'aa mpaka masika, halafu lengelenge linarudi na nduguye. Inakatwa, inawekwa bati mpya, inatiwa praima pande zote mbili, mapengo yanazibwa. Vitundu vya chini ya milango navyo vizibuliwe, maana vikiziba mlango unageuka ndoo.

#16 Mjukuu_wa_Mambrui
Babu yangu alikuwa na jahazi. Likitiwa maji miaka ishirini halikuoza, siri ni sifa. Mafuta ya papa. Pakeni chesisi sifa muone kama kutu itathubutu.

#17 Bi_Hiliki
Na abiria je, watathubutu? 😂😂 Gari linuke papa mpaka polisi wa barabarani wakupungie mkono upite.

#18 Mwamu_Halisi
Yakhe Mambrui, hata hilo hukulipokea vizuri. Sifa ni ya mbao za juu. Chini, panapokaa majini, hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Na jahazi ni mbao, haioti kutu, kinachoila ni mdudu. Mwambie babu yako akusomeshe upya.

Mimi gari langu hulilaza Mokowe, nivuke kwa boti kurudi Amu, yaani Lamu kisiwani, juma mbili tatu silioni. Huku kwetu ni punda, na punda hajui maunting'i wala kondensa. Ila nawapa hili: ukiliacha gari kando ya maji muda mrefu usivute breki ya mkono. Mara ya kwanza niliivuta, niliporudi ngoma za nyuma zilikuwa zimegandana na viatu vyake, likawa haliendi mbele wala nyuma. Siku hizi naweka P, na mawe mawili kwenye tairi. Na betri naichomoa kichwa kimoja.

#19 Silinda_Tatu
Mwamu, hapo Mokowe panya hawaigusi?

#20 Mwamu_Halisi
Waya za nyuma ya taa walizitafuna zote. Sikutaka kulisema hilo.

#21 Fundi_Spana
Turudi kwa mwenye uzi, mlango ushapanuliwa mno hapa. Mbele kushoto inagonga kwenye tuta, kimya kwenye lami. Mimi naanza na linki ya stabilaiza, ile fimbo nyembamba yenye vichwa viwili. Ni kitu kidogo na kinaongoza kwa kugonga. Pili bushi za lowa amu, ile mipira ya mkono wa chini unaoshika tairi. Tatu boljointi, na hiyo ikiwa ndiyo usicheze nayo, ikichomoka tairi linalala. Mwisho kabisa ndiyo shokapu. Mafundi wengi wanaanza na shokapu kwa sababu ndiyo ghali. Ukikata kona mpaka mwisho ukasikia "ta ta ta ta", hapo ni CV jointi, kiungo cha ekseli inayozungusha tairi, habari nyingine. Umewahi kuitazama ile raba yake? Ikipasuka grisi inatoka, mchanga unaingia.

#22 Mjukuu_wa_Mambrui
Mchanga tena. Mimi bado nangoja jibu la #12.

#23 Mgeni_wa_Barani
Sawa. Nilishuka mara moja. Harusi ya shemeji, tulitaka kupiga picha ufuo wa Mambrui maji yakiwa yamekupwa. Mchanga ulikuwa mgumu, magari mengine yalikuwepo.

#24 Mjukuu_wa_Mambrui
NILIJUA. Na mlisafisha chini mlipotoka?

#25 Mgeni_wa_Barani
Tulikwenda karamuni. Niliosha baada ya siku nne.

#26 Kijana_Casuarina
Siku nne 🤦🏾 Mwenye uzi anauliza kama ni mji. Mji haukukuendesha mpaka majini.

#27 Kutu_Haina_Adabu
Siku nne hazitoboi bati. Nasimama na pati yangu. Umepitisha sumaku?

#28 Mgeni_wa_Barani
Nimepitisha. Kushoto imeshika. Kulia imeshika pia, lakini kiunyonge, na kuna mahali pa ukubwa wa kiganja imeanguka kabisa. Nikachukua bisibisi nikagonga polepole. Imeingia. Naona mwanga wa upande wa pili. Mke wangu alikuwa amesimama hapo, hakusema neno, na hilo ndilo lililoniumiza.

#29 Kutu_Haina_Adabu
Pole. Udongo.

#30 Dereva_Mstaafu
Pole sana mwanangu. Ingawa mahali pa kiganja ni padogo kuitwa ajali. Huenda ni mtu alikuta kutu hapo zamani, akaiziba kwa pati badala ya kukata. Yaani kutu kwanza, pati baadaye. Bwana wa bodi anasema pati kwanza. Ekseli umeitazama?

#31 Mgeni_wa_Barani
Ekseli ina kutu ya juu juu tu mzee, nimeifuta na brashi ya waya imetoka. Magamba hakuna.

#32 Dereva_Mstaafu
Basi Hokkaido naiondoa. Nabaki na masika kumi ya Nairobi na matope yake.

#33 Bi_Hiliki
Na maji ya buti? Hakuna aliyegusa maji ya buti mpaka sasa. Wanaume mkianza injini hamtoki.

#34 Silinda_Tatu
Haya dada. Passo yangu ilifanya hivyo, ilikuwa ni gasketi ya taa ya nyuma. Ile spongi iliyo kati ya taa na bodi inazeeka, maji yanashuka nyuma ya plastiki mpaka kwenye shimo la spea tairi. Pili ni raba ya mlango wa buti. Nilimtia mpwa wangu ndani na tochi, nikamwaga maji kwa mpira juu ya taa, akawa anapiga kelele "hapa! hapa!" Viti vya nyuma nilivilaza apate kutoka, msije mkaniitia chifu.

#35 Fundi_Spana
Sawa, lakini amesema mvua haikunyesha. Ingekuwa zulia la mbele upande wa abiria ningesema ni bomba la kutoa maji ya AC limeziba. Nyuma AC haifiki. Ataje maji yana rangi gani na harufu gani. Na mtu asionje, kulenti ni sumu ingawa ni tamu.

#36 Mpiga_Honi
Kulenti itafikaje kwenye buti?

#37 Fundi_Spana
Umesema kweli. Leo umepata moja.

#38 Mgeni_wa_Barani
Nimeonja kabla sijasoma #35. Yana chumvi.

#39 Mjukuu_wa_Mambrui
😂😂😂😂 Bahari imekufuata nyumbani.

#40 Kutu_Haina_Adabu
Ngoja kwanza. Chumvi? Gari unaliosha wapi, na kwa maji gani?

Hili ndilo jambo nawaambia wateja hawasikii. Malindi sehemu nyingi ukichimba kisima maji yanatoka ya chumvichumvi, tumekalia mawe ya matumbawe na bahari iko hapo. Mtu anaosha gari kila Jumamosi linang'aa, kumbe analipaka chumvi. Hewa ya bahari inaleta chumvi kidogo kidogo. Kisima kinakumwagia ndoo ishirini kwa mpigo, na mashine ya kusukuma inayaingiza mpaka kwenye mishono ambako upepo haungefika. Maji ya mferejini yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki, hayo ni matamu.

#41 Mwosha_Magari
Mimi ndugu zenu nina mahali pa kuosha magari na nimesoma uzi kimya tangu mwanzo. Msitupakazie. Mimi naosha kwa maji ya mferejini.

#42 Bi_Hiliki
Na siku mfereji ukikatika?

#43 Mwosha_Magari
Siku hizo tunasaidiana na jirani.

#44 Bi_Hiliki
Jirani ana nini?

#45 Mwosha_Magari
Ana kisima.

#46 Mjukuu_wa_Mambrui
Uzi wa mwaka huu.

#47 Mgeni_wa_Barani
Naosha kila Jumamosi, na sikuwahi kuuliza maji yanatoka wapi. Sikusema ni kwako kaka #41, ni mahali pengine. Nadhani.

Na pia, kwa sababu leo ni siku ya kuungama: rejeta nayo nilikuwa naongezea maji ya hapo hapo ikipungua.

#48 Fundi_Spana
La haula. Mwaga yote, safisha kwa maji matamu mpaka yatoke meupe, tia kulenti. Maji ya kisima yanajenga magadi ndani ya rejeta na yanakula aluminiamu na pampu ya maji. Injini hiyo ni aluminiamu, ikichemka mara moja kichwa kinapinda. Halafu uniambie kwanza kwa nini inapungua! Rejeta nzima haiongezewi maji kila juma.

#49 Nguru_wa_Kupaka
Nimechelewa. Swali moja tu kwa mwenye uzi. Ndani ya buti hiyo uliwahi kubeba samaki?

#50 Mgeni_wa_Barani
Mara moja. Mama mkwe alikuwa na wageni, nikatumwa Mayungu. Nguru mmoja, na pweza.

#51 Nguru_wa_Kupaka
Kwenye barafu?

#52 Mgeni_wa_Barani
Kwenye gunia. Barafu ilikuwa ndani ya gunia. Nilitandika karatasi la nailoni.

#53 Nguru_wa_Kupaka
Nafunga kesi. Mimi nabeba samaki miaka kumi na mbili. Barafu ikiyeyuka na maji ya samaki yakishuka, nailoni ni mapambo tu. Yanaingia chini ya zulia, kwenye shimo la spea, yanakaa. Buti yangu ya kwanza ilitoboka mpaka nikawa naona barabara ya Msabaha inapita chini. Sasa natumia boksi la kuhifadhia baridi lenye kizibo, na hata hivyo kila Ijumaa naitoa spea.

#54 Kutu_Haina_Adabu
Samaki mmoja wa siku moja halingani na Jumamosi thelathini za kisima. Na mwenye uzi amesema maji ameyakuta juma lililopita. Nguru alikuwa lini?

#55 Mgeni_wa_Barani
Mwezi na nusu nyuma.

#56 Nguru_wa_Kupaka
Shimo la spea lina kifuniko cha raba chini. Kikiwa hakijang'olewa maji yanakaa miezi. Alipoona zulia limelowa ni kwamba yamepanda, si kwamba yameingia.

#57 Dereva_Mstaafu
Yamepanda kwa nini bila kuongezwa? Maji yaliyotuama hupungua. Kuna kinachoyaongeza.

#58 Silinda_Tatu
Gasketi ya taa. Jumamosi mashine ya kuosha inapiga pale pale.

#59 Bi_Hiliki
Wote mna haki na gari bado lina tundu. Kaka, harufu je? Kama ni nguru ungekuwa umehamishwa nyumba.

#60 Mgeni_wa_Barani
Mke wangu anasema linanuka. Mimi sisikii. Mama mkwe anasema halinuki, lakini yeye ndiye mwenye nguru.

#61 Mgeni_wa_Barani
Nawaletea mrejesho baada ya siku kumi.

Maunting'i moja ilikuwa imepasuka kabisa, imebadilishwa. Kwenye D bila AC sasa limetulia. Nikiwasha AC bado linatikisika, kidogo. Throto imesafishwa, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mbaazi za alfajiri. Fundi alipochomoa vichwa vya koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, akakuta kimoja kina ukijani kwenye pini, akakipiga msasa mwepesi na dawa. Kwa hiyo sijui ni kipi kilichosaidia, maana vyote vilifanywa siku moja.

Linki ya kushoto ilikuwa imelegea, nimebadilisha zote mbili. Kugonga kumeisha mbele kushoto. Kumeanza mbele kulia.

#62 Fundi_Spana
Hakujaanza. Kulikuwepo, kushoto kulikuwa na sauti kubwa kukakufunika. Bushi. Na hizo koili niliziwaza nikanyamaza, ukichomoa moja moja injini ikiwa inanguruma, ile ambayo ukiichomoa hakubadiliki kitu ndiyo mbovu. Ila shika kwenye plastiki, umeme wake unarusha.

#63 Silinda_Tatu
Huo mtikisiko uliobaki kwenye AC ndio wa asili. Nilisema #4.

#64 Dereva_Mstaafu
Au ni kompresa yenyewe imeanza kuwa nzito. Ama kondensa. Bi Hiliki alisema mapema.

#65 Kutu_Haina_Adabu
Na bodi?

#66 Mgeni_wa_Barani
Wa bodi niliyempata ameniambia anakata na kuchomea, bei aliyotaja ni kama nusu ya nilichomlipia fundi na spea zote. Mwingine akanitajia robo yake, na mkononi ameshika kopo la pati. Nimerudi kwa yule wa kwanza. Amefungua akakuta chini ya pati kuna bati lingine dogo limebandikwa kwa gundi, na ndani yake kipande cha gazeti kilichokunjwa. Tarehe haisomeki.

#67 Mjukuu_wa_Mambrui
Lugha gani? Ikiwa Kijapani mzee wa #14 ameshinda, ikiwa Kiingereza ni Nairobi.

#68 Mgeni_wa_Barani
Ni hesabu tu, bei za vitu au ratiba. Namba tupu.

#69 Bi_Hiliki
Ya Rabi. Na buti?

#70 Mgeni_wa_Barani
Kwenye buti nilitaka kukata mjadala. Nimetoa zulia, nimetoa spea (ilikuwa haina upepo, msiniulize), nimekausha kwa taulo, nikasuuza kwa maji matamu, nikakausha tena. Nikatandaza magazeti makavu shimo zima. Mpango ni hivi: Jumamosi hii naosha kwa maji ya mferejini nyumbani, hakuna samaki, hakuna ufuo. Gazeti likilowa, ni taa au raba. Lisipolowa, Jumamosi ya pili naenda kule ninakooshewa siku zote, nione. Nguru ni wa tatu, mama mkwe amekubali kutoa samaki kwa ajili ya elimu.

#71 Nguru_wa_Kupaka
Nitakuuzia kwa bei ya jumla.

#72 Mwamu_Halisi
Nangoja matokeo. Nami nina unyevu buti, ila nilidhani ni mkojo wa panya.

#73 Mwosha_Magari
Hiyo Jumamosi ya pili, si kwangu. Nimesema tu.

#74 Kutu_Haina_Adabu
Jumamosi imepita. Gazeti?

#75 Mgeni_wa_Barani
Sijaosha. Mfereji umekatika Barani tangu Jumatano. Jirani amenipa ndoo tatu za kisima chake, nimezitumia chooni.